Miti Thelathini na Kofia ya Bwana Asiyekuwapo

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nikiuacha utasimuliwa na jirani, na jirani ataongeza chumvi. Likizo ya mwezi wa sita nilimwambia mama yangu mzazi kwamba kuna bwana mmoja wa Dar es Salaam ameagiza kofia. Bwana huyo hakuwapo duniani. Nilimuumba nikiwa nimesimama mlangoni na mpira kwapani. Nikampa kazi ya ofisini, nikampa kitambi, nikampa na kichwa cha inchi ishirini na nne ili aonekane mtu wa kweli. Nikasema bwana anataka kofia yenye nakshi ya miti, na miti yenyewe ni hii hapa, karatasi thelathini. Mama akazipokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akaziweka kwenye kikapu chake cha nyuzi.

Karatasi zile hazikuwa nakshi. Zilikuwa sentensi, na mwenye nazo alikuwa anazitegemea apate shahada yake.

Mwenyewe alikuwa kijana mrefu kutoka bara, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyepanga chumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Sisi tulimwita mtafiti. Alikuwa na tepurekoda nzito kama jiwe la kusagia, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wazee, hapa mjini Bagamoyo, Makurunge, mpaka Vigwaza, akiwaomba waseme chochote kinachowajia. Wazee walimshangaa. Kijana mzima anabeba mzigo juani kutafuta maneno, na maneno yamejaa kila baraza. Mzee mmoja wa Makurunge alimuuliza kwa huruma kama kwao yamekwisha.

Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyenipeleka. "Huyu ana mwandiko mzuri," alimwambia, "lakini ana utundu. Ukimpa kazi, mkalie." Mtafiti alikuwa mpole, hakumkalia mtu, na hilo ndilo kosa lake moja katika habari hii yote. Mengine ni yangu.

Chumbani kwake meza ilikuwa haionekani kwa karatasi. Kwenye kila karatasi kulikuwa na mti ulioota kichwa chini, shina juu, matawi yanashuka, na chini kabisa, pale ambapo ungetarajia mizizi, kuna maneno.

"Hii nini, kaka?"

"Sentensi."

"Sentensi gani ina miguu hivi?"

Hakukasirika. Alivuta karatasi safi akaniambia nimpe sentensi yoyote. Nikampa ya nyumbani: Bibi amenunua samaki wawili. Juu kabisa akaandika S, ya sentensi. Akateremsha matawi mawili. La kushoto lilikwenda moja kwa moja kwa "bibi", likaishia hapo. La kulia likagawanyika: huku "amenunua", huku tawi jingine, nalo likazaa "samaki" na "wawili".

"Mbona samaki na wawili wamewekwa pamoja?"

"Wawili ni nani? Bibi?"

"Samaki."

"Basi wamekaa kwa mwenyewe."

Niliitazama karatasi ile kwa muda. Miaka yote nilikuwa nikidhani maneno yanapanga foleni kama watu wa duka la ushirika wanaongoja sukari, kila mmoja anamjua wa mbele yake tu. Kumbe yana ukoo. Yana mashangazi na wapwa, na wengine hawasalimiani ila kwa kupitia kwa babu. Siku ile nilirudi nyumbani nikichora kichwani kila nililosikia njiani. Mtu akimtukana punda wake, mimi natafuta tawi la punda.

Shida ya mtafiti ilikuwa kwamba miti yake ilitakiwa iingie kwenye kompyuta. Kulikuwa na moja Dar, katika ofisi kubwa yenye baridi ya kutengenezwa, nayo haioni michoro. Aliniambia ni kama mtu asiyeona anayepita njia kwa kupapasa ukuta: inakwenda mbele tu, kutoka kushoto kwenda kulia, kitu kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo kila mti ulazwe chini uwe mstari, na ukilala usipoteze ukoo wake.

"Unaulazaje mti bila kuukata?"

"Kwa mabano," alisema. "Shika kidole. Anza juu. Kila unaposhuka penye njia panda, fungua bano. Ukifika kwenye neno, andika namba yake. Ukimaliza watoto wote wa njia panda ile na kupanda juu, funga bano."

Namba zilitoka kwenye orodha yake. Kila neno alikuwa amelipa namba na kuiandika chini yake kwenye mti, maana mashine inapenda namba kuliko mtoto anavyopenda kashata. Bibi alikuwa 7, amenunua 31, samaki 12, wawili 40. Nikapita na kidole, nikapata hivi:

(7 (31 (12 40)))

Mti mzima ukawa umelala. Nilifurahi kama niliyekunja mwavuli wa mtu mwingine bila kuuvunja. Mistari hiyo ingepelekwa Dar, wasichana wa pale ofisini waitoboe kwenye kadi, tundu kwa tundu, na mashine izisome kadi. Mtafiti alikuwa ameiandikia maagizo katika daftari la jalada jekundu, kwa lugha ya mashine yenyewe. Akanisomea kwa lugha ya watu: ukikutana na bano, nyamaza lakini kumbuka. Ukikutana na namba, tazama orodha, toa neno lake. Ukifika mwisho, piga chapa ulichopata.

"Sasa kama kwenye mabano inanyamaza, mabano ya nini?" niliuliza. "Si tuipe namba tupu?"

Alitabasamu hapo, nadhani kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mabano ni kazi yangu yenyewe. Nitaiuliza mashine wazee wa huku wanapachika nini ndani ya nini, mara ngapi. Ile kupiga chapa ni jaribio tu. Sentensi ikirudi kama mzee alivyoisema, tumeingiza mti mzima. Ikirudi vingine, tumeharibu njiani. Msimamizi wangu hataki maneno mengi. Anataka kuona sentensi zinarudi."

Miti ilikuwa sitini, na ule wa bibi na samaki wake akauchanganya humo humo. Alinipa wiki moja, naye akaondoka tena kwenda Vigwaza na lile jiwe lake. Siku mbili za kwanza nilifanya thelathini, kwa raha, ulimi nje. Siku ya tatu vijana wa mtaa wa juu wakatuma ujumbe kwamba wanataka mechi, na kwamba golikipa wetu, yaani mimi, anadaka kama anayefukuza nzi. Mtu mwenye heshima zake angefanya nini?

Ndipo nikamtazama mama.

Mama yangu anashona kofia za viua. Asiyezijua aelewe kwamba kofia hizo ni nyeupe, na nakshi yake yote ni vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, mamia kwa mamia, vimepangwa ua, nyota, wimbi. Kofia moja inaweza kuchukua mwezi na nusu. Anaweza kutazama nakshi ya mtu anayepita barabarani, na kabla hajakata kona ameshaihesabu. Herufi za shule hazijui. Alisoma chuoni, chuo cha Kurani, akiwa msichana, na Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi, mwandiko ambao majirani huja kuuomba wakitaka kutuma barua ya posa. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alipopita alimwandika miongoni mwa wasiojua kusoma. Mama alimkaribisha chai, akamwandikia jina lake yule mwalimu kwenye kipande cha karatasi, akampa asome. Alishindwa. Mama akamwambia, "Basi tuandikane wote."

Namba alizijua vizuri, kutoka kwenye utepe wake wa kupimia vichwa. Kwa hiyo alikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto mkweli.

"Bwana wa Dar anataka kila mti ulazwe uwe mstari," nilimwambia, "uzunguke kofia."

"Mbona miti yake inaota kichwa chini?"

"Ndiyo fasheni ya Dar, mama."

"Dar," alisema mama, kama anayetaja homa.

Nikamfundisha. Mabano nikayaita miezi: ukishuka penye njia panda unaandika mwezi unaofungua, ukipanda unaandika mwezi unaofunga, na jani ni namba. Alielewa kabla sijamaliza. "Ni kama uzi," alisema. "Kila kiua ukifungua ukifunge, ama sivyo kofia nzima inafumuka." Kisha akauliza jambo lililonikosesha raha kidogo: "Kofia ni duara. Huo mstari wake unaanzia wapi?"

"Popote, mama," nilisema, nikatoka mbio. Tulifungwa mbili bila, lakini hiyo si habari ya leo.

Siku ya nne, baada ya alasiri, nilipita nyuma yake kuchukua maji. Alikuwa amekaa mkekani, ubao wa chapati mapajani, karatasi juu ya ubao. Nikachungulia begani kwake na mkono wangu ukabaki na kata hewani. Upande wa kulia wa karatasi kulikuwa na 12 40 na miezi mitatu imefuatana, na upande wa kushoto kulikuwa kweupe. Kalamu ilikuwa inatoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama kaa.

Nikasema moyoni, nimekwisha. Mama kaanzia kulia. Bila shaka kaanzia kulia, chuoni ndivyo tunavyofundishwa wote, hata mimi kabla ya kuingia shule nilikuwa nadhani kushoto ni mwisho wa dunia. Na mashine inaanza kushoto. Kwa hiyo mistari yote thelathini iko kinyume. Na dawa ya kitu kilichokaa kinyume, kila mtu anaijua, ni kukigeuza.

Sikumwambia neno. Alipomaliza, siku mbili baadaye, nilichukua karatasi zake nikaenda kukaa kwenye ngazi za shule iliyofungwa, nikanakili kila mstari upya kuanzia mwisho wake. Ya mwisho ikawa ya kwanza, mwezi unaofunga nikaugeuza ukawa unaofungua. Kazi ya asubuhi nzima. Nilijisikia bingwa. Nilijisikia nimeokoa shahada ya mtu na heshima ya mama yangu kwa pigo moja, na wala hawajui. Karatasi za mama nikamrudishia, nikasema bwana wa Dar amesema azitunze. Zile zangu, pamoja na miti yake, nikampelekea mtafiti. Alinishukuru. Alinipa na kalamu ya wino.

Ningetazama mstari mmoja tu wa mama uliokamilika, nikaupitisha kidole pamoja na mti wake, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Mtafiti alipewa mashine Jumamosi mchana, saa moja tu. Jumatatu akanitumia mtoto niende kwake. Nilimkuta amekaa kitandani, na miguuni pake kuna karatasi moja ndefu iliyokunjwa kunjwa kama shairi lisilo na mwisho, kingo zake zina matundu. Viatu vina vumbi la safari. Kwenye meza alikuwa na miti yake, raba na penseli.

"Kaa," alisema. "Thelathini za kwanza zimerudi. Chache zimekwama katikati, lakini nyingi zimerudi. Thelathini za pili, sikiliza."

Akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia.

"Wawili samaki amenunua bibi."

Nikajiuma mdomo.

"Juzi tangu njiani limekwama chumvi la lori. Nikila nizungumze hapendi wangu mke."

Hapo nilicheka, nisamehewe. Ingekuwa wewe ungecheka. Lakini yeye alikuwa anafuta. Alikuwa amevuta mti mmoja, anafuta matawi yake kwa raba, anayahamisha, la kushoto kulia, la kulia kushoto. Niliona mitano imeshafutwa.

"Unafanya nini, kaka?"

"Nimekosea mahali. Sijui wapi. Nadhani niliichora vibaya tangu mwanzo." Alipuliza mabaki ya raba. "Nimeomba, wamenipa nusu saa nyingine Jumamosi hii. Baada ya hapo mashine inaingia kwenye kazi za serikali, hakuna mtu wa chuo atakayeigusa, na muda wangu pale unakwisha. Msimamizi amesema sentensi zisiporudi, hana cha kutia sahihi. Kwa hiyo naichora upya yote."

"Yote sitini?"

"Yote. Hata zilizorudi siziamini tena."

Sasa mimi, nikibanwa, hutoa mzaha. Ni ugonjwa. Wengine hutokwa jasho. Nikasema, "Labda mashine yenyewe ilianza chuo kabla ya shule."

Raba ikasimama.

"Sema tena."

"Nimetania, kaka."

"Nani ameanza chuo kabla ya shule?"

Akanitazama, na yale macho yalikuwa hayajalala tangu Jumamosi. Penseli ilikuwa inaelekea mti wa sita. Ukiuacha mkono ule uendelee, nikawaza, mpaka jioni hakutakuwa na mti mzima hata mmoja humu, na kila mmoja aliutembelea kwa miguu. Nikamwaga yote. Mechi, mama, kofia, kitambi, inchi ishirini na nne, miezi, kalamu inayotoka kulia. "Lakini usimlaumu mama," nikamalizia, nikiwa na kiburi kidogo hata hapo. "Niliona kosa lake. Nikaigeuza mistari yote kwa mkono wangu mwenyewe. Sijui kwa nini bado ina makosa."

Alichukua kipande cha karatasi, akaandika (7 (31 (12 40))), lakini akaanzia kulia, kama mama. Akakitazama alipomaliza. Kisha akacheka kidogo kwa pua, akakusanya miti yake, akasimama kutafuta viatu ambavyo alikuwa amevivaa.

"Nipeleke kwa mama yako."

Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kumweleza mama. Sikupata nafasi. Tulipiga hodi, mtafiti akasema, "Shikamoo, mama," na mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," akamtazama kuanzia miguuni hadi utosini, akanigeukia.

"Huyu ndiye bwana wa Dar?"

Mama akachukua utepe kikapuni, akasema, "Samahani, baba," akamzungushia kichwani. Mtafiti alisimama wima kama anayepimwa jeshini.

"Ishirini na mbili," alisema mama. "Na kitambi kiko wapi?"

Niliungama mara ya pili siku hiyo hiyo, na ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, maana ya kwanza ulikuwa na matumaini. Nilitaja kila kitu. Mama alisikiliza huku anaukunja utepe, mkunjo mdogo juu ya mkunjo mdogo. Nilipomaliza alimwekea mtafiti chai na vitumbua. Mimi hakuniwekea, wala hakuniambia nikae.

Mtafiti aliomba kuziona karatasi za mwanzo. Zilikuwa zimefungwa katika kitambaa safi cha kofia, moja juu ya nyingine. Akalaza mti wake mkekani, na pembeni yake mstari wa mama, akapitisha kidole cha mkono mmoja huku na cha mwingine huku, midomo ikichezacheza. Akamaliza wa kwanza. Akachukua wa pili. Chai ikapoa. Alipofika wa kumi aliinua kichwa.

"Iko sawa," alisema. "Yote iko sawa kabisa."

"Haiwezekani," nilisema. "Alianzia kulia. Nilimwona kwa macho yangu."

Mama ndiye aliyenijibu, bila kunitazama. "Baba yako anaendesha lori. Akitoka Bagamoyo kwenda Msata anapita Kiwangwa. Akitoka Msata kurudi anapita Kiwangwa. Kiwangwa inahama?"

"Haihami."

"Mimi nilianza na jani la kulia, nikaliweka kulia. Nikaendelea na linalofuata, nikaliweka linapofuata. Nikamaliza kushoto. Wewe ungeanza kushoto ukamaliza kulia. Tungekutana katikati na kila kitu kipo mahali pake." Akavuta uzi. "Nimegeuka mimi, kazi haijageuka. Wewe ndiye uliyeigeuza kazi."

Nilikuwa nashughulika na kitu kichwani. Mti haujali unaanza wapi, mradi mkono unaosoma na mkono unaoandika itembee pamoja. Ukigeuza yote miwili, hukugeuza kitu. Ukigeuza mmoja, umeharibu kila kitu. Na mimi nilikuwa nimegeuza mmoja, kwa makini, kwa mwandiko mzuri, mara thelathini.

Siku zilizofuata baraza letu likawa ofisi. Mtafiti alirudisha matawi ya ile miti mitano aliyoifuta, akashukuru kwamba penseli ilikuwa imeacha alama. Mistari ya mama ikanakiliwa kama ilivyo. Kisha mama akaomba aone na ile thelathini niliyoifanya mimi, siku nikiwa na ulimi nje. Hakuisoma, aliihesabu miezi yake kama anavyohesabu viua, kucha ya kidole gumba ikiruka. Akatoa minne.

"Hapa umefungua hukufunga. Na hapa. Na hapa. Huyu umemfunga mara mbili, hata kaburi hufungwa mara moja."

Ndiyo ile iliyokuwa imekwama katikati. Mtafiti alipomwonyesha kadi moja iliyotobolewa, mama aliiinua kwenye mwanga, akatazama vitundu vyake vya pembe nne, akauliza nani kaishona. Akaambiwa ni wasichana wa ofisini, kwa mashine. "Hawakuzungushia uzi," alisema. "Itachanika." Lakini aliomba abaki nayo.

Jumamosi mtafiti aliondoka na basi la asubuhi. Siku ile sikwenda mpirani. Sikutumwa, sikukatazwa, niliona tu miguu haitaki. Mama alishona. Kila basi lilipopiga honi barabarani mimi nilikwenda dirishani, na kila mara mama aliniambia, bila kuinua macho, kwamba basi halileti habari ya jambo ambalo halijatokea.

Alirudi Jumapili mchana. Hatukuhitaji kumuuliza, alikuwa anatembea kama aliyetua mzigo njiani. Akaketi mkekani, akakunjua ile karatasi ndefu mpaka ikafika mlangoni, akaanza kusoma. Bibi amenunua samaki wawili. Lori la chumvi limekwama njiani tangu juzi. Mke wangu hapendi nizungumze nikila. Moja baada ya nyingine, zimesimama kwa miguu yake, sitini zote.

Mama alisikiliza ameegemeza kidevu. Mpaka dakika ile hakuwa anajua mistari yake ilisema nini. Alishika namba na miezi siku mbili tatu, ni hayo tu. Basi mtafiti akasoma: "Nimechoka kuingoja mvua isiyonijua jina."

"Simama hapo," alisema mama. "Hiyo kasema bibi wa Makurunge, yule muuza ukindu."

Mtafiti akafungua daftari lake, akatafuta kwa kidole. "Ni yeye. Umejuaje, mama?"

"Hakuna mwingine anayesema hivyo." Akachukua moja ya karatasi zake, akatafuta, akatutazama. "Ni mstari upi?"

Akaonyeshwa. Aliutazama kwa muda mrefu, zile namba tano na miezi yake, kama anayetazama picha ya mtu anayemfahamu iliyopigwa kwa nyuma. Mimi pia niliutazama. Bibi yule alisema maneno shambani kwake, yakaingia tepu, yakawa mti, mti ukalala ukawa namba, namba zikawa matundu, matundu yakapita kwenye mashine isiyojua mvua ni nini, na huku upande wa pili akatoka bibi yule yule, mpaka mama akamtambua kwa sauti. Bado nikiwaza nashindwa kujua alipita wapi.

Mtafiti alikunja karatasi yake, akashukuru, akasema msimamizi ameshatia sahihi, akaondoka na vitumbua kwenye mkoba. Nikajua sasa tumebaki wawili.

Mama alitoa kikapuni kitambaa cheupe ambacho hakijashonwa, sindano, na bunda la uzi. Akaviweka mbele yangu. Nami nayaandika maneno yake kama yalivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kugeuza hata moja:

"Kaa hapa, kulia kwangu. Bwana wa Dar aliagiza kofia ya miti, na mimi sijawahi kumwangusha mteja. Utaishona wewe, inchi ishirini na nne, kila kiua ukifungua ukifunge, na ukiimaliza utaivaa wewe mwenyewe kwenda shule, hata ikikuziba macho, mpaka hicho kichwa ulichokitunga kikue kikaijaze."